MFARISHI WA VIRAKA: KAZI YA MWEZI MMOJA

Katika kila nyumba yenye cherehani, na hata katika nyumba isiyo nayo, hapakosi kapu au sanduku la vitambaa visivyo na kazi. Humo mna mgongo wa shati lililochanika viwiko, masalio ya nguo ya shule, na kipande cha kanga kilichobaki baada ya kushona mto. Mwenye nyumba hapendi kuvitupa, wala hajui la kuvifanyia. Basi hukaa mpaka panya wakavijua zaidi kuliko yeye.

Katika somo hili twataka kueleza jinsi vitambaa vya namna hiyo vinavyoweza kugeuzwa kuwa mfarishi, yaani nguo nene ya kujifunika yenye tabaka tatu: uso wa viraka juu, kitu cha joto katikati, na bitana chini, zote zikiwa zimeshonwa pamoja hata zisiachane. Habari hizi hatukuzisikia kwa watu tu. Sisi wenyewe tulishika mkasi na sindano kwa mwezi mmoja, kila jioni baada ya kazi, na makosa tuliyoyafanya tutayaeleza pia, ili msomaji asiyarudie.

Sababu iliyotuingiza katika kazi hiyo ni hii. Baba yetu alipofariki, nguo zake nzuri ziligawanywa kwa ndugu, kama ilivyo desturi. Zikabaki nguo zake za kazi: mashati manne ya rangi ya samawati na kijivu, suruali mbili za kaki, na kanzu mbili zilizochakaa. Hakuna aliyezitaka, wala hakuna aliyethubutu kuzitupa. Mama alizikunja akaziweka sandukuni, zikakaa humo miaka miwili. Baridi ilipoingia, mama akawa analalamika miguu usiku. Tulifahamu kwamba nguo zile zaweza kumfaa, lakini kila tulipolifungua sanduku tuliogopa kuzitia mkasi, maana nguo ikikatwa vibaya hairudi kuwa nguo, na mwenye nguo hayupo tena.

MIFARISHI YA GEE'S BEND

Iliyotutoa hofu ni habari ya watu wa mbali. Katika jimbo la Alabama, kusini mwa Marekani, mto uitwao Alabama hujipinda ukazunguka kipande cha nchi pande tatu. Mahali hapo huitwa Gee's Bend, kwa jina la Joseph Gee, mwenye shamba la pamba aliyefika huko mwaka 1816. Mwaka 1845 shamba hilo liliingia mikononi mwa Mark Pettway, na watumwa wake wakapewa jina lake. Ndiyo maana hata leo watu wengi wa huko huitwa Pettway.

Utumwa ulipokwisha mwaka 1865, wengi walibaki palepale wakilima pamba katika nchi isiyo yao, na kukopa mpaka wakati wa mavuno. Bei ya pamba ilipoanguka, deni halikulipika. Mwaka 1932 mjane wa mfanya biashara mmoja aliyekuwa amewakopesha aliwapeleka watu, nao wakachukua karibu kila kitu: wanyama, zana za kulimia na chakula cha akiba. Nyumba zao zilikuwa za magogo na mbao zenye nyufa, nao wakabandika magazeti ukutani ili kuzuia upepo. Katika nyumba kama hizo mfarishi haukuwa pambo. Ulikuwa kinga ya uhai wa watoto.

Wanawake wa Gee's Bend hawakuwa na duka la kuchagulia rangi. Walishona kwa nguo za kazi zilizochakaa na kwa magunia ya pamba yaliyotiwa unga. Ukiitazama mifarishi yao utaona mahali pengine rangi imekolea kwa umbo la mfuko au la kiraka cha goti, kwa sababu pale jua halikufika mpaka mfuko au kiraka kilipobanduliwa. Mwaka 1942 mwanamke mmoja wa huko, Missouri Pettway, akiwa amefiwa na mumewe, alizichukua nguo za kazi za marehemu akazishona mfarishi, apate kujifunika na kumkumbuka. Binti yake, Arlonzia, aliyemsaidia kazi hiyo, ndiye aliyesimulia habari hiyo baadaye.

Ustadi huo haukubaki umefichika. Mwaka 1966 wanawake wa nchi ile waliunda chama cha ushirika cha kushona na kuuza mifarishi. Mwaka 2002 mifarishi ya Gee's Bend ilitundikwa katika jumba la sanaa la Houston watu wakaja kuitazama, na mwaka 2006 posta ya Marekani ilitoa stempu zenye picha zake. Basi vitambaa vilivyovaliwa shambani hata vikachanika viliingia mahali panapowekwa kazi za mafundi wakubwa.

Tena habari hii si ngeni kabisa kwa watu wa pwani yetu. Wazee wetu waliijua nguo iitwayo merikani, iliyofumwa katika viwanda vya kaskazini mwa Marekani kwa pamba iliyolimwa na watumwa wa majimbo ya kusini, na Alabama ni moja la majimbo hayo. Sultani Said wa Unguja alifanya mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, na merikani ikaenea pwani na bara, hata ikatumika kama fedha. Vita vya Marekani vya mwaka 1861 mpaka 1865 vilipozuia pamba, nguo za Uingereza na za Bara Hindi zilichukua nafasi yake. Kwa hiyo uzi wa pamba ulituunganisha na watu wale zamani, ingawa hatukujuana.

Sasa tueleze kazi yenyewe, juma kwa juma.

JUMA LA KWANZA: KUFUA, KUFUMUA NA KUKATA

Kwanza nguo zote zifuliwe. Nguo mpya isiyofuliwa hujikunja ifuliwapo mara ya kwanza, na ikiwa imekwisha kushonwa pamoja na nguo kuukuu, mfarishi wote utafinyana. Nguo nyekundu na nyeusi zijaribiwe: chukua kitambaa cheupe chenye maji, sugua juu yake, utazame kama rangi inatoka. Ikitoka, ifue tena au iache kabisa.

Kisha fumua mishono ya shati, usiikate, upate mapande makubwa. Mgongo wa shati ndio wenye nguo nyingi iliyo nzima. Viwiko na kola huwa vimekwisha. Inua kila kipande mbele ya dirisha. Palipopenya mwanga kama katika chujio, pasitumiwe, kwa maana patachanika kabla ya mwaka.

Viraka vyetu vilikuwa vya mraba, inchi 3 na nusu kila upande. Kati ya hizo, robo inchi kila upande huingia katika mshono, basi kiraka kikisha kushonwa huonekana inchi 3. Kipande cha nguo cha inchi 21 kwa inchi 21 hutoa viraka 36. Mfarishi wetu ulihitaji viraka 270: 135 vya rangi nzito kutoka mashati, na 135 vyeupe kutoka kanzu. Tulikata 45 kila jioni, kwa jioni sita.

Kata kwa kufuata uzi wa nguo, usikate hanamu. Nguo iliyokatwa hanamu huvutika mkononi kama mpira, na mraba wako utakuwa si mraba tena.

Hapa tulifanya kosa letu la kwanza. Tulikuwa na kipimo cha kadibodi, lakini kwa uvivu tulikata kiraka kimoja, tukakitumia kupimia cha pili, na cha pili kupimia cha tatu. Kila kimoja kilizidi kidogo, na tulipofika cha ishirini tulikuwa tumepita kipimo kwa thumuni ya inchi. Tulishukuru kwamba vilizidi, maana kilichozidi hukatwa, lakini kilichopungua hakiongezwi. Tangu hapo kila kiraka kilipimwa kwa kadibodi ileile ya kwanza.

JUMA LA PILI: KUUNGA VIRAKA

Viraka huungwa kwanza katika mafungu ya viraka tisa, safu tatu za viraka vitatu vitatu, rangi nzito na nyeupe zikipishana. Nusu ya mafungu yana viraka vitano vya rangi nzito na vinne vyeupe. Nusu nyingine ni kinyume chake. Fungu likisha kushonwa liwe inchi 9 na nusu kila upande, na likiisha kuungwa na wenzake huonekana inchi 9. Mafungu yetu yalikuwa 30, tukashona matano kila jioni kwa cherehani ya mkono. Asiye na cherehani aweza kushona kwa sindano kwa kupiga bandi ya karibu karibu, lakini ajipe miezi miwili au mitatu.

Weka viraka viwili uso kwa uso, ushone robo inchi kutoka ukingoni. Robo inchi hiyo ndiyo roho ya kazi yote. Tulipokwisha kushona mafungu kumi tuliyapima, tukaona manne yamepungua robo inchi. Ilitushangaza, maana macho hayakuona tofauti yo yote. Tulipochunguza tukagundua kwamba jioni moja, taa ikiwa hafifu, tulikuwa tunashona ndani kidogo kuliko ipasavyo, kwa kadiri ya nusu ya thumuni ya inchi tu. Lakini kila muungano huchukua nguo ya viraka viwili, na katika fungu mna miungano miwili upande mmoja. Basi nusu thumuni ikawa robo nzima. Katika mfarishi wenye viraka 15 kwa upana mna miungano 14, na kosa hilohilo lingekuwa inchi moja na robo tatu. Tulifumua mafungu yote manne. Kazi ya jioni mbili ilipotea, walakini mithali yasema, Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Baada ya kila mshono piga pasi, na mshono ulalie upande wa kiraka chenye rangi nzito. Faida zake ni mbili. Ya kwanza, uzi wa rangi nzito hauonekani kama kivuli chini ya nguo nyeupe. Ya pili, safu mbili zikutanapo, mshono wa juu umelala kulia na wa chini umelala kushoto, nayo hushikana kama vidole vya mikono miwili, na pembe za viraka hukutana sawasawa. Pasi ibandikwe na kuinuliwa. Usiiburure, maana huvuta nguo. Mwenye pasi ya makaa aitazame chini kila mara, kwa maana chembe moja ya jivu huharibu nguo nyeupe.

JUMA LA TATU: KUUNGANISHA NA KUTANDAZA

Tandaza mafungu yote sakafuni, matano kwa upana na sita kwa urefu, uyatazame kutoka mbali kabla ya kuyashona. Sisi tulimwita jirani atazame, naye akaona mara moja kwamba fungu moja limewekwa mahali pasipo pake, viraka vyeupe viwili vikakutana. Sisi tulikuwa tumelipita mara tatu bila kuliona. Mwenye kazi huzoea kosa lake. Hapana budi kuomba macho ya mtu mwingine.

Uso ukisha kuungwa ulikuwa inchi 45 kwa inchi 54. Bitana iwe kubwa zaidi kwa inchi 2 kila upande, yaani inchi 49 kwa inchi 58. Shuka kuukuu ya kitandani ilitutosha. Katikati tulitia blanketi la zamani lililokuwa limetoboka ncha, tukakata palipo pazima. Mwenye pamba safi aweza kuitandaza pamba, lakini ajue kwamba pamba huhama na kufanya mabonge ifuliwapo, basi ni lazima mishono ya kudarizi iwe karibu karibu ili kuishika.

Bitana itandazwe sakafuni, upande wa ndani ukitazama juu, inyoshwe bila kuvutwa. Juu yake blanketi, na juu ya blanketi uso wa viraka. Kisha shikiza tabaka zote tatu kwa bandi ndefu za uzi mweupe, ukianzia katikati na kwenda nje kama miali ya jua. Ukianzia ukingoni, nguo itakusanyika katikati nawe hutapata mahali pa kuipeleka.

JUMA LA NNE: KUDARIZI NA KUTIA PINDO

Kudarizi ni kupitisha sindano katika tabaka zote tatu, na hapa ndipo viraka vinapopata kuwa mfarishi. Sisi tulifuata mistari ya kati ya mafungu: minne ya inchi 54 na mitano ya inchi 45, jumla inchi 441, yaani zaidi ya yadi 12 za kushona kwa mkono. Tena tukafunga fundo moja katikati ya kila fungu. Piga bandi ndogo zilizo sawa, tano kwa inchi zatosha. Ulinganifu ni bora kuliko udogo. Vaa subana katika kidole cha kati, maana mwenye kudharau subana siku ya kwanza huitafuta siku ya pili kwa machozi.

Kudarizi kukisha, fumua bandi ndefu za kushikiza, kata bitana na blanketi ziwe sawa na uso, kisha tia pindo. Pindo letu lilitoka katika suruali za kaki: tepe za upana wa inchi 2 na nusu, zilizoungwa zikawa na urefu wa inchi 210. Mzunguko wa mfarishi ni inchi 198. Inchi 12 zilizobaki ni za pembe na kiungo cha mwisho. Tepe hukunjwa mara mbili kwa urefu, hushonwa kwa cherehani upande wa uso, hupinduliwa nyuma, na kumalizwa kwa mkono. Ukingo ndio unaochakaa kwanza, kwa hiyo mpe nguo iliyo ngumu.

Mfuko mmoja wa shati hatukuukata. Tuliushona mzima nyuma ya mfarishi, penye pembe.

MWISHO WA KAZI

Siku ya mwisho wa mwezi tulimpelekea mama. Hakusema neno kwa muda. Alipitisha mkono juu ya viraka, akaanza kuvitaja kimoja kimoja: hili ni shati alilokwenda nalo mnadani, hili ni lile lililomwagikiwa chai, hii ni kanzu ya Idi ya mwaka ule wa mvua nyingi. Alipouona mfuko akatia humo leso yake. Kisha akasema, "Wanangu, nilidhani mkizikata zitakwisha. Kumbe sasa ndiyo nazivaa." Tangu siku hiyo hatujasikia habari za miguu.

Wasomaji wetu, hatusemi kwamba kila nyumba ishone mfarishi. Penye joto haufai. Lakini njia ya kazi hii yafaa kila mahali: kipimo kiwe kimoja tangu kiraka cha kwanza mpaka cha mwisho, kosa lifumuliwe siku lionekanapo, na kazi kubwa igawanywe iwe sehemu ndogo za kila jioni. Mtu akiambiwa ashone viraka 270 atakimbia. Akiambiwa akate 45 kabla ya kulala, ataketi. Haba na haba hujaza kibaba.

HESABU KWA WANAFUNZI

Walimu waweza kuwapa wanafunzi hesabu hizi:

1. Kipande cha nguo kina inchi 21 kwa inchi 28. Kitatoa viraka vingapi vya inchi 3 na nusu kila upande?

2. Mfarishi wa mtoto una inchi 36 kwa inchi 45, na kila fungu ni inchi 9 likisha kuungwa. Yahitajiwa mafungu mangapi, na viraka vingapi?

3. Mzunguko wa mfarishi huo ni inchi ngapi, na tepe ya pindo iwe na urefu gani ikiongezwa inchi 12?

Majibu: (1) Viraka 48. (2) Mafungu 20, viraka 180. (3) Inchi 162. Tepe inchi 174.